Subira Alipokuwa Akila Ukuta

Jumamosi iliyopita jirani alikuwa akipaka chokaa ukuta wa ua wake, na upepo wa kutoka ziwani ukaileta harufu ile hadi jikoni kwangu, ile harufu baridi ya chokaa iliyotoka kuchanganywa na maji. Nilikuwa nachambua majani ya maboga. Mikono ilisimama yenyewe. Mwanangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimemkumbuka Subira, naye akauliza, "Subira ndiye nani, Mama?" Nilishangaa kwamba miaka yote hii sikuwahi kumsimulia.

Subira alikuja kwetu Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, ndani ya kreti ya soda, chini ya kiti cha lori la Mjomba, siku aliporudi kutoka Moroto, kwenye nchi kame ya Karamoja. Alikuwa kobe wa nchi kavu, wale wenye gamba la rangi ya mchanga lililotapakaa madoa meusi kama ngozi ya chui, na wakati huo alienea katika sahani moja ya bati. Leo nisingethubutu kumpokea, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumfuga mnyama wa porini; miaka ile tulimpokea kama mgeni, tukampa chakula cha nyumbani. Alikula majani ya nje ya kabichi, ndizi mbivu, nyanya zilizopondeka, na posho, yaani ugali, iliyobaki sufuriani. Kwa kuwa hakukataa chochote, tuliamini kwamba tunamtunza vizuri.

Kisha zikaja mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997. Wanaozikumbuka hawahitaji kuelezwa. Uani palijaa maji, na Babu akasema kwamba mnyama wa nchi kame hataweza kuvumilia unyevu ule, basi tukamhamishia kwenye korido na kumtandikia gunia. Alikaa humo wiki baada ya wiki bila kuliona jua. Alipungua kula, kisha akawa anatembea kwa kuburuza tumbo, nasi tukasema ni baridi.

Alfajiri moja ya Januari 1998, kabla ya adhana, nilisikia kitu kikikwaruza. Kilikwaruza mara moja, kikanyamaza kwa muda mrefu, kisha kikakwaruza tena. Nilidhani ni panya. Nikachukua kandili, nikatoka taratibu ili nisiwaamshe wengine, na mwangaza ulipofika mwisho wa korido nikamwona Subira amejiinua kwa miguu ya mbele, ameegemea ukuta, shingo ameinyoosha hata mikunjo yake yote imefunguka. Mdomo wake ulikuwa umegusa pale chokaa ilipoanza kubambuka. Aliufungua polepole sana, nikauona ulimi wake mnene wa rangi ya waridi, kisha akauma, akateremsha kichwa huku akikwaruza. Unga mweupe ulimganda pembeni mwa mdomo, kama mtoto aliyetoka kunywa uji. Alitafuna akiwa amefumba macho. Nilipoinamisha kandili niliona kwamba ukuta wote wa upande ule, kwa kimo cha shingo yake, ulikuwa na mifereji midogo, kila mmoja mpana kama ukucha wa kidole changu cha mwisho, mingine ikiwa bado nyeupe na mingine ikiwa imekwisha kuingia vumbi.

Nilimwinua ili nimwondoe pale, na kidole gumba changu kikazama. Gamba lilibonyea, kwenye ukingo wa kulia nyuma ya mguu wa mbele, kama kifuniko cha kopo la plastiki. Nilipoondoa kidole lilirudi mahali pake, lakini lilirudi taratibu mno. Sikupiga kelele. Nilimrudisha juu ya gunia kwa mikono miwili, nikaenda kumwamsha Babu.

Babu alikaa chini sakafuni, yeye ambaye goti lake lilimfanya aswali juu ya kiti, akapitisha kiganja juu ya ile mifereji. "Mjukuu wangu," alisema, "huyu anatafuta mfupa." Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, na huko kwenye nchi kame aliwahi kuwaona kobe wa porini wakiguguna mifupa ya mizoga iliyopauka kwa jua. Chokaa iliyokaa ukutani siku nyingi hugeuka kuwa kitu kilekile kilichojenga ganda la yai, na mnyama aliyekosa mifupa alikuwa ameinusa na kuifuata gizani. Daktari wa mifugo aliyekuja kumtibu ng'ombe wa jirani alitueleza yaliyosalia: Subira amepungukiwa na kalsiamu, na hata kidogo alichopata mwili haukuweza kukitumia, kwa sababu bila jua hautengenezi vitamini D. Ndizi tulizomdekezea nazo zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu.

Bustani ilianza juma hilohilo, mvua zikiwa bado hazijakatika vizuri. Babu alitoboa magunia matatu ubavuni, akasimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kila gunia, akalijaza kokoto, kisha akawa anamimina udongo uliochanganywa na samadi kavu kandokando na kulivuta kopo juu kadiri gunia lilivyopanda, hata ikabaki nguzo ya mawe ya kupitishia maji hadi chini. Kwenye matundu tulipandikiza miche ya mgagani. Juu tulipanda mbegu za maboga nilizokuwa nimezikausha juu ya bati. Marando ya viazi vitamu tuliyachomeka kwenye karai bovu, na haibiskasi ya uzio, ambayo sote tuliiona kuwa pambo tu, ikaanza kuchumwa majani na maua yake mekundu. Dodo, yaani mchicha, ambayo kila mtu alituletea kwa wema, Babu alitaka impate kwa nadra tu, kwa sababu daktari alisema ina asidi inayoishikilia kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Mboga za sokoni aliacha kabisa kuzinunua kwa ajili yake, kwani hakujua zimenyunyiziwa dawa gani wala lini. Mimi kazi yangu ilikuwa kusaga maganda ya mayai kwa chupa, yalainike kama unga, na kuyanyunyiza juu ya majani yakiwa na umande ili yashike. Jua lilipotoka, Subira alitolewa nje, na humo uani alianza kujitafutia nyasi, ambazo ndizo chakula chake cha asili na ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kumpa.

Ilichukua miezi gamba kukaza. Alikua, akawa mzito wa kunishinda, na Babu alipofariki tulimpeleka kwenye kituo cha wanyamapori cha Entebbe, nikiwa nimembebea mfuko wa majani ya maboga yaliyochumwa asubuhi ile. Ule ukingo wa kulia haukunyooka tena. Ulikauka ukiwa umeingia ndani kidogo, pale hasa kidole changu kilipozama, na kila nilipomtazama nilijiuliza kama bustani ilimponya au ilizuia tu yasizidi.

Bado napanda kwenye magunia, barazani kwangu, ingawa sina kobe. Mwanangu alisikiliza yote hadi mwisho, na badala ya kuniuliza habari za Entebbe aliniuliza alama za ukutani zilikuwa ngapi. Nilikuwa nimezihesabu asubuhi ile, kwa kidole, huku Subira amelala juu ya gunia, nikitaka kujua ni usiku mwingi kiasi gani tulikuwa tumelala yeye akiwa macho. Nilikuwa nimefika 32 Babu aliponishika mkono na kuniambia niache. Upande wa karibu na mlango nilikuwa sijaugusa.