Hewa ya Ofisini Inaingilia Wapi?

Kiangazi kinapokolea hapa Dodoma na upepo ukaanza kubeba vumbi jekundu, tunaofanya kazi ofisini hufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, tukiamini kwamba tumejihifadhi. Niliamini hivyo hadi mwaka jana, mimi na wenzangu watatu tulipokuwa tukiumwa kichwa na kusinzia kila ifikapo saa nane mchana, kisha tukitoka nje hali inatulia.

Dalili inayokuja ukiwa ndani ya jengo na kukuacha ukitoka ni ushahidi wa kwanza. Nikaanza kuandika daftarini saa, idadi ya watu, madirisha yaliyo wazi na nani anaumwa, kisha nikaazima kipimo cha hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua. Nje kilionyesha takriban sehemu 420 katika kila milioni, ambacho ndicho kiwango cha kawaida siku hizi. Ndani, baada ya muda wa saa tatu, kilipita 1,800. Kiwango hicho si sumu, bali kinaonyesha kwamba tunavuta pumzi ambazo wenzetu wamekwisha kuzitoa. Mwanasayansi Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza tangu mwaka 1858 kwamba chumbani isizidi 1,000, na wengi bado wanakitumia kipimo hicho. Kiyoyozi chetu hupoza hewa ile ile na kuirudisha. Hakiingizi hewa mpya hata kidogo.

Nilifukiza udi kidogo karibu na dirisha lililofungwa, moshi ukapanda wima. Tulipofungua dirisha hilo pamoja na mlango wa ukumbini, moshi ukalala kuelekea mlangoni, nasi tukajua njia ya hewa. Juu ya madirisha yalikuwapo matundu ya hewa, ila yalizibwa kwa saruji ili kuzuia vumbi.

Niseme pia kwamba kipimo cha namna hii hakioni kila kitu. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi wa Juni au Julai hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mwenye jengo alikubali kuzibua matundu mawili na kuyawekea wavu laini. Madirisha tunayafungua asubuhi, upepo ukiwa bado umetulia, na vumbi linaloingia tunalifuta kwa kitambaa kibichi. Sasa tukiwa wanne, kipimo hukaa chini ya 900.