Rothko ya sebuleni kwangu, bila kioo wala dhahabu

Nilitaka nakala ya mchoro wa Mark Rothko, mchoraji wa Marekani wa mistatili mikubwa ya rangi, niitundike sebuleni. Kila fundi niliyemuuliza nifanyeje alinipa ushauri uleule: chapisha kwenye fleksi, tia fremu ya dhahabu, funika na kioo. Ni mafundi wa picha za harusi na mahafali, Rothko watamjulia wapi? Lakini hela zilikuwa zangu.

Mchoro wenyewe ni "Orange, Red, Yellow" ya 1961, ile iliyouzwa mnadani New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 87. Mara ya kwanza nikawasikiliza. Ikatoka inang'aa kama bango la mkutano wa injili, tena wameipunguza pembeni, "iingie kwenye saizi, dada." Basi wamemaliza kila kitu! Rothko huacha ukanda mwembamba kuzunguka mistatili yake, na kingo zake hazina mstari, rangi moja inayeyukia nyingine; ndiyo maana inaelea. Kata ule ukanda, kwisha habari. Jirani aliingia, akaitazama kwa heshima zote, akauliza, "Hii bendera ya nchi gani?" Kioo nacho kilionyesha dirisha, feni, na mimi na kanga yangu.

Nikahamia duka lenye kanvasi isiyong'aa. Kabla ya yote nikaomba kipande cha A4 tu cha picha, rangi zikiwa kwa kipimo kilekile zitakachokuwa nacho kwenye picha kamili, pale nyekundu inapokutana na chungwa. Kijana akacheka, "Sista, unapaka nyumba?" Nikamwambia wewe chapa. Nikakibandika ukutani kwa selotepu, nikawa nakichungulia asubuhi, mchana, usiku. Usiku, chini ya taa nyeupe, chungwa lote likapauka. Nikaweka balbu ya mwanga wa njano, rangi ikarudi. Watu wanagombana na wachapaji bure, ugonjwa uko darini.

Rothko mwenyewe hakupenda fremu. Rangi aliipitisha hadi ubavuni mwa turubai. Mimi nina watoto na mpira, nimetia. Seremala wa mtaani alinichania mninga mwembamba bila nakshi, tukaacha mwanya wa kidole kati ya mbao na kanvasi. Jumla laki na ushee, na soda ya fundi humo humo.

Usitundike penye jua. Michoro ambayo Rothko aliwachorea Chuo Kikuu cha Harvard iliwekwa mwaka 1964 kwenye chumba chenye madirisha makubwa. Nyekundu ikafifia vibaya, na kufikia 1979 michoro ikawa imeondolewa. Sembuse wino wa dukani!

Mama mkwe anasema ukuta ule ungefaa kalenda ya kanisa. Kalenda ipo jikoni.