Jina la mchakato si sababu

Jumamosi iliyopita, baada ya masomo ya ziada hapa Moshi, nilibaki na karatasi za wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Swali lilihusu vipande vya viazi mviringo vilivyolowekwa katika maji yenye chumvi nyingi: eleza kwa nini vilipungua uzito. Binti mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza alijaza ukurasa mzima. Alisimulia hatua zote za jaribio, akachora kiazi kabla na baada ya kulowekwa, akataja kwamba maji yalitoka, kisha akahitimisha kuwa hayo yote yalitokea "kwa sababu ya osmosisi", ambalo ni jina tu la mchakato wa maji kuvuka utando wa seli. Nilimpa alama 1 kati ya 3, nami nilisikitika, kwa kuwa bidii yake ilionekana katika kila mstari.

Alichokosa ni sababu yenyewe: kwamba potenshali ya maji, yaani mwelekeo wa maji kuhama kutoka mahali yalipo, ndani ya seli za kiazi ilikuwa kubwa kuliko ile ya maji ya chumvi, na kwamba kwa hiyo maji yalivuka utando wa seli, unaoruhusu baadhi tu ya vitu kupita, yakatoka nje.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitoa alama kwa wingi wa maandishi, na leo naona kwamba sikuwatendea haki wanafunzi walioandika kwa ufupi. Kilichonibadilisha ni miongozo ya kusahihisha mtihani wa Baiolojia wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) wa Marekani, ambayo College Board, shirika linaloendesha mtihani huo, huitoa hadharani pamoja na maswali ya kujieleza. Maswali hayo ni 6, mawili marefu na manne mafupi. Hujibiwa kwa dakika 90 na hubeba nusu ya matokeo. Swali fupi lina alama 4, na kila alama imefungwa kwenye wazo moja: likiwepo, alama inatolewa, lisipokuwepo, hata aya tatu za maelezo mazuri hazitaliziba pengo hilo. Kosa la tahajia halimpunguzii mtahiniwa alama mradi anaeleweka, lakini sentensi inayopinga jibu sahihi aliloliandika mwenyewe inaweza kumpotezea alama aliyokwisha kuipata.

Kitenzi cha swali ndicho kinachoamua. Anayeambiwa "bainisha" anaweza kumaliza kwa maneno machache. Anayeambiwa "eleza" lazima aonyeshe jinsi jambo moja linavyosababisha jingine. Anayeambiwa "tetea" lazima ashike ushahidi, mara nyingi namba zilizomo katika jedwali alilopewa. Hata grafu hugawanywa vivyo hivyo: majina ya mihimili na vipimo vyake, skeli, na nukta zilizowekwa mahali pake.

Wanaosahihisha, mwezi Juni, ni walimu wa sekondari wenye uzoefu pamoja na wahadhiri wa vyuo. Hawaoni jina la mtahiniwa, na kabla ya kuanza hufanyishwa mazoezi kwa majibu ya mfano hadi wote wausome mwongozo kwa namna moja. Hatua hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, na muhula huu mwalimu mwenzangu anayefundisha darasa jingine amekubali tusahihishe karatasi kumi kwa pamoja kabla ya kugawana zilizobaki.

Jumatatu nitamrudishia binti yule karatasi yake, nikiwa nimepigia mstari neno "eleza" kwa kalamu nyekundu, na nitamwomba aandike upya sentensi ile moja tu.