Siku moja na kanari mwenye pete mguuni

Saa 12 asubuhi. Giza halijaisha, nami niko getini kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, darubini shingoni. Leo ninaongoza wageni wawili kutoka Mombasa, mzee na binti yake.

Saa 1. Kulukulu mkubwa wa buluu, ndege aliyemleta mzee, tumempata mapema juu ya mtini. Mzee amefurahi mpaka machozi.

Saa 2 na nusu. Ufukweni kwera wanasuka viota, kelele tupu. Binti akaninong'oneza, "Kaka, yule wa manjano mbona hasuki?"

Nikatazama. Kwera ana mdomo uliochongoka. Huyu wake mfupi, mnene, wa waridi. Chiriku? Lakini chiriku wetu wa manjano ana mstari mweusi shavuni. Huyu alikuwa njano tupu, hana doa. Kisha akaimba, sauti ndefu ya kutetemeka, koo limemvimba.

Alipogeuka nikaiona pete mguuni, isiyo na kiungo. Pete ya hivyo huvishwa kinda wa wiki moja hivi, kabla mguu haujanenepa. Basi amezaliwa tunduni: kanari wa kufugwa. Asili yao ni visiwa vya Kanari, Azores na Madeira, na wa porini ni wa kijanikijani wenye michirizi. Unjano huu ni kazi ya wafugaji, vizazi kwa vizazi.

"Tumwandike?" mzee akauliza.

"Tumwandike, mzee wangu, ila tuseme ametoroka." Orodha ya ndege wa Uganda imepita spishi 1,000, lakini ndege aliyetoroka tunduni hahesabiwi humo.

Tulimkaribia hatua tatu, hakuruka. Ncha za mkia zilikuwa zimekatikakatika, kama zilizosuguliwa na waya. Roho iliniuma. Asiyemwogopa mtu hatamwogopa kipanga.

Mchana niliwasindikiza wageni hotelini.

Saa 10 jioni. Nimerudi na tundu la kuazima kwa jirani, ulezi na maji ndani. Nikalitundika mlango wazi, nikakaa mbali. Baada ya saa nzima akaja, akatua juu ya tundu, akadonoa punje zilizonasa kwenye waya.

Saa 12 na nusu. Kwera wametulia. Yeye bado yuko pale juu, kichwa amekificha kwenye manyoya ya mgongo. Mtunza bustani ameniahidi kupita alfajiri na kufunga mlango akimkuta ndani.