Chumvi Chini ya Gari

Malindi, Jumamosi usiku

Leo asubuhi nililala chali juu ya kipande cha katoni katika gereji ya fundi wangu, nikamtazama akijaribu kwa ncha ya bisibisi upande wa ndani wa chasisi ya gari langu, karibu na gurudumu la nyuma la kushoto. Mara ya kwanza bisibisi iligonga chuma. Mara ya pili, mahali palipopakwa rangi nyeusi nzito inayong'aa kana kwamba imepakwa jana, ilizama, na vigae vyekundu vya kutu vikaniangukia kifuani. Fundi alinyamaza kwa muda. Aliichomoa bisibisi, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaniuliza gari hili lilikuwa likikaa mji gani huko Japani kabla ya kushushwa Mombasa.

Lilitoka Hokkaido. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na ndilo lililonifanya nilipende. Aliyeniuzia miaka mitatu iliyopita alinieleza kwamba gari la nchi ya baridi ni gari la kazi, na sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli: magari yanayotayarishwa kwa ajili ya mikoa ya theluji huko Japani mara nyingi huwekewa betri kubwa zaidi, hita yenye nguvu na vioo vya pembeni vinavyopashwa moto, na langu huvuta kwa magurudumu yote manne. Asilolisema ni kwamba barabara za huko hutiwa chumvi wakati wa baridi, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Chumvi hiyo hurushwa na matairi, ikaingia katika maungio ya chuma na kukaa humo hata baada ya theluji kuyeyuka. Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linapouzwa huko Japani, ilikuwa na herufi S, ambayo ni alama ya kutu, na C, alama ya chuma kilichoanza kuliwa, nami nilizipita herufi hizo macho yangu yakitafuta kilomita tu. Kisha nikalileta gari hilohilo kulilaza hatua mia mbili kutoka pwani, ambako ukiacha kioo bila kufutwa kwa siku mbili unaweza kuandika jina lako kwenye chumvi ya upepo wa kusi.

Yapo pia matairi, ambayo bado yananiuma. Gari lilikuja na matairi ya theluji, yenye mifereji ya kina na mikato myembamba mingi, na kwa macho yangu yalikuwa mapya, nikaona nimepata bahati. Mpira wa matairi hayo hutengenezwa ubaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, wakati tairi la kawaida huanza kuwa gumu na kuteleza. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana ulikuwa kama halua iliyosahaulika juani: gari liliyumba kila nilipokata kona kwa kasi, breki zilichelewa, na kabla ya mwaka kwisha mifereji ilikuwa imetoweka. Niliwapakia watoto wangu katika gari hilo hadi Mombasa na kurudi, na nikikumbuka mvua iliyotukuta karibu na Kilifi nasikia baridi mwilini.

Ninayaandika haya usiku huu kwa sababu ya mdogo wangu, ambaye ni muuguzi Winnipeg, Kanada, na ambaye baada ya majira mawili ya baridi ya kusubiri basi katika nyuzi 30 chini ya sifuri ameamua kununua gari. Alipiga simu juma lililopita. "Shikamoo kaka, nitafutie moja kubwa, la kuvuta kwa magurudumu manne." Nilimwambia aanze na matairi. Magurudumu manne yanayovuta humsaidia mtu kuondoka mahali alipokwama, lakini wakati wa kusimama kila gari lina breki nne, na kinachoshika barafu ni mpira peke yake. Gari dogo la kuvuta kwa mbele, lenye matairi manne yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, nalithamini kuliko gari kubwa lenye matairi ya kiangazi. Manne, si mawili, kwa maana akiweka mbele tu, nyuma itamtupa kwenye kona.

Betri tulizungumza kwa muda mrefu. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa chini ya nusu ya nguvu zake, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi, ndiyo maana nimemtaka atumie oili yenye sifuri kabla ya herufi W, ikiwa kitabu cha gari kinaikubali. (Joto letu ndilo linaloziua betri mapema zaidi, baridi huja tu kuufichua ugonjwa.) Kuhusu redieta, kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji hustahimili hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, ilhali maji matupu hutanuka yakiganda na yanaweza kuipasua injini. Hapa kwetu nimewaona mafundi wakimwaga kulanti nzuri chini na kujaza maji ya kisima, yenye chumvi, na jambo hilo hunikasirisha kila mara.

Yeye naye alinifundisha. Alikuwa ameona waya wenye plagi ukining'inia mbele ya magari ya wenzake, akadhani magari yote ni ya umeme, kumbe waya huo ni wa kupashia injini joto usiku kucha, na kwenye maegesho ya hospitali kuna soketi kwa ajili hiyo.

Fundi ataanza Jumatatu. Amekataa kupaka chochote juu. Atakata chuma kibovu chote, achomelee kipya, na abadilishe bomba la breki linalopita hapo, kisha kila juma nitakuwa nikiosha chini kwa maji yasiyo na chumvi, kaskazi ikianza.

Jioni mdogo wangu alinitumia picha za gari alilolipenda. Nimezikuza hadi zikapoteza umbo, na kwenye bomba la breki, juu ya ekseli ya nyuma, naona mstari wa rangi ya kahawia. Nilimwandikia asitoe hata senti kabla gari halijanyanyuliwa na fundi akalijaribu kwa chuma. Amejibu sasa hivi kwamba kesho litapandishwa, na kwamba bisibisi ameshanunua.