Alama Ifungwe kwenye Maneno, Si kwenye Ukurasa

Kazi yangu ya uhariri hunilazimu kusoma nyaraka ndefu kwenye kipakatalishi karibu kila siku, na nje ya kazi ninasoma nyingine kwa hiari yangu: miswada ya Bunge, sheria, mipango ya kaunti na ripoti za kamati. Ningependa kueleza namna ninavyoweka maalamisho, yaani alama za kunirudisha mahali fulani, na madokezo katika usomaji huo, kwa sababu naona wakazi wengi wa Nairobi siku hizi wanasoma nyaraka za umma kwa bidii kubwa, lakini wakiulizwa mwezi mmoja baadaye jambo fulani liliandikwa wapi, wanalazimika kupekua faili upya tangu ukurasa wa kwanza. Msimamo wangu ni kwamba dokezo linalofaa hufungwa kwenye maneno yenyewe ya waraka, na huwekwa mahali ambapo msomaji anaweza kulifikia hata kama programu aliyosomea haipo tena.

Ni vyema kwanza kufahamu kinachotokea ndani ya faili. PDF ilibuniwa na kampuni ya Adobe na kutolewa mwaka 1993, kisha mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Ile orodha ya sura unayoiona ubavuni mwa skrini, ambayo ukibofya kichwa inakupeleka moja kwa moja kwenye sura hiyo, imewekwa na aliyetayarisha waraka na imo ndani ya faili. Alamisho lako wewe msomaji ni jambo jingine. Katika programu nyingi halimo ndani ya faili hata kidogo, bali hutunzwa katika hifadhi ya programu yenyewe, ndani ya kifaa ulichokuwa ukisomea. Evince, kisomaji cha PDF ambacho hutumiwa na watu wengi wenye mfumo wa Linux, huweka maalamisho nje ya faili. Okular, kisomaji kingine, kwa muda mrefu iliweka hata madokezo katika folda yake ya pembeni, kabla ya kumwezesha msomaji kuyahifadhi ndani ya PDF. Zotero, inayopendwa na wanafunzi wa uzamili kwa sababu ya kupanga marejeo, ilipata kisomaji chake cha PDF katika toleo la 6 la mwaka 2022, na rangi unazopaka humo hukaa katika hifadhidata yake hadi utakapoamua kuzihamishia kwenye faili.

Utaratibu huo una sababu njema, kwani faili la asili linabaki bila kuguswa. Tatizo ni kwamba msomaji haambiwi. Mdogo wangu anayesomea sheria alikuwa na madokezo ya muhula mzima katika programu moja ya simu. Rununu ile ilipoharibika alinunua nyingine, akapakua programu ile ile, akafungua faili zile zile zilizokuwa katika barua pepe yake, na hakukuta hata mstari mmoja wenye rangi. Hakuna mahali popote ambapo programu hiyo ilikuwa imemweleza kwamba maandishi yake yamo ndani ya simu peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalijui kuhusu kupaka rangi. Unapopaka manjano sentensi ya PDF, kinachohifadhiwa kimsingi ni vipimo vya pembe nne za eneo ulilolipaka juu ya ukurasa, si maneno yaliyo chini yake. Kwa jicho linalosoma hakuna tofauti, lakini siku utakapotaka kuyatoa yale uliyoyapaka na kuyaweka pamoja, programu inalazimika kukisia ni herufi zipi zilizokuwa ndani ya eneo hilo. Ndiyo maana nukuu zilizotolewa kwenye jedwali au kwenye ukurasa wenye safu mbili mara nyingi hutoka zikiwa zimevurugika, neno la safu ya kushoto limeshikamana na neno la safu ya kulia. Waraka ulioskaniwa una shida kubwa zaidi, kwa maana kila ukurasa ni picha tu. Barua na matangazo mengi ya ofisi za umma hutufikia hivyo, yakiwa na muhuri na sahihi, na hakuna neno hata moja unaloweza kulitafuta. Kwa nyaraka za namna hiyo mimi hutumia kwanza Tesseract, programu huria ya kutambua maandishi yaliyo katika picha, ambayo inakifahamu Kiswahili pia, kisha ninakagua tarakimu zote kwa macho yangu, hasa za fedha, kwa sababu muhuri uliopigwa juu ya tarakimu huweza kuigeuza 3 ikawa 8.

Namba ya ukurasa nayo si tegemeo imara. Waraka mrefu huanza na kurasa za dibaji zenye namba za Kirumi, kwa hiyo ukurasa ulioandikwa 1 huweza kuwa wa 20 na kitu katika faili, na watu wawili wanaozungumzia ukurasa wa 45 huwa wanatazama mahali pawili tofauti. Katika kitabu cha EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, ukurasa wenyewe hauna kikomo maalum, kwa kuwa maandishi hujipanga upya kila unapokuza herufi. Wataalamu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 2017 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango cha madokezo ambacho, pamoja na njia nyingine, kinaruhusu dokezo kujishikiza kwa nukuu: yanahifadhiwa maneno yenyewe uliyoyachagua, pamoja na maneno machache yaliyotangulia na machache yaliyofuata, ili waraka ukibadilika kidogo mahali pale paweze kutafutwa tena na kupatikana. Naona hii ndiyo busara kubwa kuliko zote katika somo hili zima, na uzuri wake ni kwamba mtu hahitaji programu yoyote maalum kuitumia. Faili la matini tupu, yaani lenye maandishi peke yake bila mapambo yoyote, linatosha.

Nitatoa mfano mmoja kama ulivyo. Chama cha wakazi cha mtaa wetu kilitaka kuandikia ofisi moja ya umma kuomba nyaraka kuhusu mitaro ya maji ya mvua, nami nikapewa kazi ya kuisoma Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inatekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Katika dokezo langu mstari wa kwanza una jina la sheria, mahali nilipoipakua na tarehe niliyoipakua. Mstari wa pili una kifungu cha 9(1). Chini yake nimenakili sentensi ya sheria inayomtaka afisa wa umma atoe uamuzi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21 tangu alipopokea ombi. Ninanakili kwa Kiingereza kama ilivyo katika sheria, hata pale ambapo lugha yake ni nzito, kwa sababu siku ya kutafuta nitayahitaji maneno hayo hayo. Kisha, baada ya mstari mtupu, ninaandika kwa Kiswahili maelezo yangu: kwamba siku zinahesabiwa tangu ombi lilipopokewa, wala si tangu lilipoandikwa, na kwa hiyo tupeleke barua kwa mkono na nakala yetu ipigwe muhuri wenye tarehe. Mwishoni nimeweka swali lililonijia nikisoma, la kama afisa anaweza kujiongezea muda, na baadaye nikaongeza jibu chini ya swali hilo nilipofika kifungu cha 9(3), kinachoruhusu nyongeza isiyozidi siku 14 katika hali maalum. Mhazini wetu, ambaye hakuwa ameisoma sheria yote, aliliandika ombi akiwa na ukurasa huo mmoja mbele yake.

Hata namba ya kifungu ninaiandika nikijua kwamba inaweza kubadilika. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulisambaa kwenye simu za watu kuanzia Mei mwaka huo, na sidhani kama kuna mswada mwingine uliowahi kusomwa na raia wengi namna ile. Mimi pia niliusoma kifungu kwa kifungu na kuuwekea madokezo. Juni 26 Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi, na mtu angeweza kudhani kuwa madokezo yale yamekwisha kazi. Desemba mwaka huo huo ilitiwa sahihi sheria nyingine ya kurekebisha sheria za kodi, na baadhi ya mapendekezo ya mswada uliokufa yalikuwa yamerudi ndani yake, likiwemo lile la kodi kwa kampuni za nje zinazopata mapato nchini kupitia mtandao, iliyochukua nafasi ya ushuru wa huduma za kidijitali wa asilimia 1.5. Namba za vifungu hazikulingana tena na zile nilizoziandika. Lakini maneno matatu ya Kiingereza yanayoitaja kodi hiyo yalikuwa katika nukuu zangu, nikayatafuta katika sheria mpya, na maelezo niliyoyaandika mwezi Mei yakanipa pa kuanzia kulinganisha kilichobaki na kilichobadilishwa. Laiti ningekuwa nimepaka rangi tu, ningekuwa na mistari ya manjano katika faili la mswada usiokuwepo tena.

Ninasisitiza pia kwamba dokezo liandikwe kwa sentensi kamili. Alama ya mshangao pambizoni, au neno "muhimu" peke yake, humfaa msomaji kwa juma moja, kisha hata yeye mwenyewe hakumbuki kilichomshtua. Tuna mfano mzuri katika fasihi yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa baadaye katika karne ile ile na mmishenari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na pamoja na beti zenyewe yakaandikwa maelezo ya maneno magumu na ya matukio yaliyozizaa. Beti nyingi zinazungumzia ugomvi wa Mombasa na Lamu na utawala wa Oman kwa mafumbo ambayo watu wa wakati ule waliyafahamu bila kuelezwa. Sisi tunaozisoma leo tunayategemea maelezo yale. Aliyeyaandika alimfikiria msomaji ambaye hakuwepo, na mimi ninapoandika dokezo ninajaribu kumfikiria msomaji wa namna hiyo, ambaye mara nyingi ni mimi mwenyewe baada ya miaka miwili.

Kuhusu mahali pa kuyaweka madokezo sina mengi. Kila waraka una faili lake moja la matini tupu, lenye jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha jina la waraka, na faili zote zimo katika folda moja inayonakiliwa kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili la namna hiyo hufunguka kwenye tarakilishi yoyote na kwenye simu ya bei yoyote, na halimalizi bando. Madokezo yaliyokwisha kupakwa ndani ya programu nyingine ninayahamishia humo kila ninapomaliza kuusoma waraka, kabla sijafungua mwingine, maana yakiachwa hayahamishwi kamwe.

Rangi bado ninaitumia, ila kwa kazi moja: kuonyesha mahali ambapo nitarudi kuandika dokezo. Nikikuta ukurasa mzima una rangi, najua kwamba nilikuwa nimechoka.

Nyaraka za kaunti zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5, na mpango wa kaunti yenye kaunti ndogo 17 na wadi 85 kama Nairobi ni mamia ya kurasa, mengi yakiwa majedwali yaliyolazwa ubavu. Jina la wadi yako linaweza kutokea katika sura ya barabara, tena katika sura ya afya, tena katika jedwali la soko, bila sura moja kuitaja nyingine. Hapa alamisho la ukurasa halisaidii sana. Ninachofanya ni kulitafuta jina la wadi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila linapotokea ninanakili mstari mzima wa jedwali kwenye dokezo langu, pamoja na kichwa cha jedwali na kipimo cha fedha kilichotumika, kwa kuwa jedwali moja huhesabu kwa shilingi na jedwali linalofuata huhesabu kwa mamilioni.

Kabla ya kumtumia mwenzako waraka uliouwekea madokezo ndani yake, fahamu kwamba maandishi hayo husafiri nao pale yanapokuwa yamehifadhiwa katika PDF, na kila dokezo huweza kubeba jina la aliyeliandika na saa lilipoandikwa. Maoni ya faragha kuhusu ofisi au mtu fulani yanaweza kumfikia asiyehusika. Kwa hiyo chama chetu hutumiwa nakala safi kama nilivyoipakua, na pamoja nayo matini fupi ya madokezo yanayowahusu, kila dokezo likiwa na nukuu yake, ili mwenye rununu ndogo aandike maneno mawili au matatu ya nukuu kwenye kisanduku cha kutafutia na kukifikia kifungu bila kuuliza ni ukurasa wa ngapi. Wapo wazee wa kamati wasiopenda kusomea kwenye simu, ambao huchapishiwa kurasa chache kwenye saiba iliyo karibu na stejini. Kwao ninaongeza pembeni ya kila nukuu namba ya ukurasa wa faili, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo namba anayoiingiza kijana wa saiba anapochapisha, wala si ile iliyoandikwa chini ya ukurasa wenyewe.