Dimbwi la Nyuma ya Nyumba
Mvua ya Novemba ilipolijaza dimbwi la nyuma ya nyumba yetu hapa Lubumbashi, vyura wenye ngozi ya vipele walilia usiku kucha, na asubuhi nikakuta mayai yao, vitone vyeusi ndani ya nyuzi ndefu za utelezi zilizojizungusha kwenye majani. Viluwiluwi huhitaji wiki kadhaa majini kabla ya kuota miguu. Maji ya uvuguvugu huharakisha ukuaji wao, lakini jua lilelile hulikausha dimbwi. Kisha mvua ikakatika siku kumi. Niliwakuta wamebanana katika tope lenye upana wa sahani, mikia ikitikisika, nikawamiminia ndoo mbili za maji ya kisima. Kwangu mimi, manyunyu ya mfululizo huwafaa kuliko gharika moja inayowazoa wote hadi mtoni.